Bafle ya Upande Mmoja

Siku ya tisa tangu ndama achinjwe, Drocella alimtukana ng'ombe matusi ambayo hata wale waliomchinja ndama hakuwatukana. Hao walikuwa na bunduki. Ng'ombe alikuwa na kwato tu, na kwa kwato hizo alikuwa amekwisha kuipiga ndoo teke mara mbili kabla jua halijachomoza vizuri juu ya vilima vya Bihambwe.

"Unanifanyia kiburi?" Drocella alimuuliza. "Mimi? Mimi mwenye kukutafutia majani mu masasi ya bunduki?"

Bihogo akaendelea kutafuna. Kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, kina joto. Maziwa yalikuwemo humo humo, umbali wa kidole, na kilichotoka kilikuwa kikombe kimoja. Kikombe kimoja, watu wangu, kwa watoto watatu!

Asiyewajua ng'ombe wa vilima hivi atasema mwanamke hajui kukamua. Alijua, tena tangu usichana wake. Lakini ng'ombe kama Bihogo hamwachilii mtu maziwa hivi hivi. Anataka kwanza amwone ndama wake, amlambe, ndipo ayashushe. Ndama hayupo. Kilibaki kitu kimoja tu ambacho Bihogo alikitii, nacho ni sauti ya Sebarenzi, mume wa Drocella. Sebarenzi alikuwa na namna yake ya kazi. Mkewe akikaa na ndoo, yeye humzunguka ng'ombe polepole, mkono mgongoni, akiimba zile sifa za ng'ombe alizofundishwa na baba yake. Anapita upande huu, anapita nyuma, anatokea upande ule, na hanyamazi hata mara moja. Bihogo alikuwa akifumba macho kabisa. Lita tatu, siku nyingine nne.

Ila Sebarenzi alikuwa Walikale. Miezi minne iliyopita alibeba jibini kwenda kuwauzia wachimbaji wa madini, kama alivyofanya miaka yote, na nyuma yake vita ikaifunga njia. Alipopata simu alieleza kwamba analala chini ya shiti, turubai la plastiki, katika uwanja wa kanisa, pamoja na wakimbizi, hana hata cha kujifunika. Drocella alilia usiku huo, na kesho yake akampa mwendesha pikipiki mmoja, mjuzi wa njia za msituni, blanketi pekee zuri lililobaki nyumbani ampelekee. "Unichungie Bihogo," Sebarenzi alikuwa amemwambia. "Nikirudi nikute Bihogo, nitajua niko na nyumba."

Basi Bihogo ndiye aliyekuwa nyumba. Ng'ombe wengine kumi walikwisha kwenda, wengine kwa kuporwa, wengine kwa kuuzwa kabla ya kuporwa. Shamba la maharagi lilikuwa ng'ambo ya mstari wa vita. Nishimwe, kitindamimba, mwaka mmoja na nusu, alikuwa anapewa uji wa maji maji na kuutema. Na Jean de Dieu, shemeji yake Drocella, mtu mwema lakini mwenye haraka, alikuwa amekwisha kusema neno lake:

"Shemeji, ng'ombe yenye haitoe maziwa inakauka, na yenye kukauka ni nyama. Siku ya Jumamosi nitakuja na muchinjaji. Afazali tukule sisi kuliko bakule bale ba bunduki."

Hakukosea, na hilo ndilo lililomkera Drocella kuliko yote.

Wazo la kuileta sauti ya mume bila mume lilikuwa lake mwenyewe. Alipanda kilimani mahali panaponasa rezo, yaani mtandao wa simu, akampigia Sebarenzi: "Niimbie mu telefone. Vile vile unaimbiaka Bihogo." Sebarenzi alicheka, lakini akakubali. Huko Walikale alimjua Callixte, mtu wa redio, mwenye kinasa sauti kizuri chenye mikrofoni mbili, moja inatazama kushoto na moja inatazama kulia. Sebarenzi hakuweza kuimba amesimama. Akakiazima kinasa, akaimba akitembea huku na huku mbele yake kama ng'ombe yupo katikati, akakirudisha, na Callixte akautuma wimbo vile vile, bila mtu kuusikiliza kwanza.

Ukafika. Lakini telefone ya Drocella, siku za neema, ilitumbukia ndani ya ndoo ya maziwa. Tangu hapo ukiiweka sikioni inapokea simu kwa taabu, na kupiga muziki haipigi kabisa. Ilimbidi ashuke barabarani, dukani kwa Trésor Kasika.

Trésor alikuwa mtu wa Butembo, mwenye mke na watoto wanne na mdomo mtamu kuliko asali. Alikuwa na bafle mbili, yaani spika ndogo nyeusi zisizo na waya, kila moja kama kopo la maziwa ya unga, amezikalisha moja mwisho huu wa meza ya duka na nyingine mwisho ule. Zilikuwa zinaimba pamoja, na wapita njia wanasimama.

"Iko stereo, Mama Drocella! Sikia. Gitaa iko huku, sauti iko kule. Hata Goma hawana hii."

"Sina nguvu ya mbili. Nipe moja."

"Moja pia iko muzima. Ona karto yenye ilifungiwa, yenyewe inasema: stereo."

Kwa jibini mbili za mwisho, alizokuwa amezificha chini ya kitanda, Drocella akapewa ile ya kushoto.

Alhamisi alfajiri akaiweka juu ya kigoda, karibu na kichwa cha Bihogo, akabonyeza. Sauti ya Sebarenzi ikajaa zizini, nzito, ya karibu, kama ameingia sasa hivi na viatu vyake vya mpira. Bihogo akasimamisha masikio. Drocella naye, nisifiche, moyo ulimruka. Akashika chuchu, na maziwa yakaanza: mchirizi wa kwanza, wa pili, wa tatu, povu likapanda ndani ya ndoo.

Kisha Sebarenzi akaondoka.

Ndivyo ilivyosikika. Sauti ilififia, ikawa ndogo, ikawa kama mtu aliyepita nyuma ya kilima, ikapotea. Bihogo akageuza kichwa kumtafuta. Hakumwona. Maziwa yakakatika. Baada ya muda sauti ikarudi, nzito vile vile, lakini ng'ombe alikuwa amekwisha kukasirika, na teke lake likaipeleka ndoo ukutani.

Drocella akarudia. Sauti ikaja, maziwa yakaja, sauti ikaondoka, maziwa yakaondoka. Akarudia tena. Mara ya nne alikaa chini kwenye samadi akatamani kulia, ila hasira haikumwachia nafasi.

Akashuka dukani na bafle kwapani.

"Imeharibika," alisema.

Trésor akaipigisha rumba. Bafle ikaimba bila aibu. "Iko wapi yenye kuharibika?"

"Mimi sikununua ya kucheza! Bwana yangu anaondoka mu katikati ya wimbo!"

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi akasema, "Eh dada, mabwana ya bote banaondokaka mu katikati ya wimbo!" Duka zima likapiga makofi. Drocella aliona masikio yake yanawaka moto.

Trésor hakukosa majibu. Kwanza lawama ilikuwa ya telefone. Kisha ikawa ya Callixte. Kisha, mtu huyu asiye na haya, ikawa ya ng'ombe. "Ao masikio yake iko na shida? Enda uweke bafle ndani ya sufuria, Mama, sauti itakuwa kubwa mara mbili." Drocella, kwa sababu mwenye shida hachagui daktari, akaiweka ndani ya sufuria. Sufuria ikanguruma kwa sauti ya Sebarenzi, na Bihogo akaruka ua wa miti, akakimbia bondeni. Walimfuata yeye na watoto mpaka jua likasimama utosini.

Ijumaa alirudi dukani, na safari hii hakusalimia. Lakini alikuta mwingine amemtangulia. Adrienne, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa korali ya kanisa, alikuwa amesimama mbele ya meza, mkono kiunoni, na bafle nyeusi mbele yake.

"Solo iko wapi, Trésor? Tulirekodi wimbo na mwenye kuimba solo. Sasa nasikia bamama banaitikia, lakini habaitikie mutu! Banaitikia hewa!"

Drocella akaitazama ile bafle. Akaitazama ya kwake. Zilikuwa mapacha. Akamnyang'anya Trésor nafasi, akaziweka zote mbili juu ya meza na kuziwasha. Zikalia ti-ti, moja baada ya nyingine, zikatambuana. Adrienne akabonyeza wimbo wake, na mwenye solo akatokea, mzima, ndani ya bafle ya Drocella.

"Aaah!" watu wakasema.

"Niliwaambia!" Trésor akapiga kelele kwa furaha. "Stereo! Niliwaambia iko stereo!"

"Weye!" Drocella alimwambia, kidole usoni pake. "Uliuzisha bantu wawili nyumba moja! Mumoja mulango, mwengine dirisha!"

Ikabidi Trésor atoe ile karatasi ya maelezo iliyokuwa imefungia sabuni, na Adrienne, mwenye Kifaransa cha kutosha, akaisoma. Mambo yalikuwa mepesi, na ndiyo yaliyouma. Bafle hizo zikikwisha kuoanishwa, ya kushoto inaimba ya kushoto tu, na ya kulia ya kulia tu, hata zikitenganishwa mpaka kiama. Zinaweza kurudishwa mono, yaani kila moja iimbe yote peke yake, pande mbili zimechanganywa kuwa moja. Lakini kwa kuzirudisha lazima kwanza kupakua programu fulani katika telefone, na programu inataka rezo ya intaneti, na mnara wa rezo ulikuwa umezimika tangu Alhamisi kwa sababu ya mapigano.

"Basi, rezo ikirudi..." Trésor alianza.

"Kesho muchinjaji iko anakuja," Drocella akasema. Aliyasema bila kelele.

Adrienne akamtazama. Aliisukuma bafle yake upande wa Drocella. "Kamata. Unirudishie kesho magaribi, Siku ya Mungu tunaimba kanisani."

Na Trésor, tusimwonee, naye alikuwa mtu. Alisema atapanda mwenyewe kilimani asubuhi kuzipanga. "Nitaweka moja kila upande ya ng'ombe. Utasikia, Mama. Bwana yako atatembea mu zizi hii kabisa, kutoka huku mpaka kule. Hautakosa hata neno."

Jumamosi alifika na umande bado uko majanini. Akaweka bafle ya kushoto juu ya kigoda, ya kulia juu ya jiwe upande wa pili, akapima kwa hatua, akasogeza, akapima tena, kama anajenga kanisa. Bihogo alimtazama kwa dharau. Nishimwe alikuwa mgongoni kwa dada yake, hana nguvu hata ya kulia vizuri. Drocella akakaa na ndoo, akajikaza roho.

"Piga."

Sebarenzi akaanza kushoto, mzito, wa karibu. Masikio ya Bihogo yakasimama. Maziwa yakaja. Kisha ikafika pale pale palipomtesa Drocella siku mbili, pale anapoondoka. Lakini sasa hakuondoka. Alipita. Sauti ilitembea nyuma ya mgongo wa ng'ombe kama ilivyokuwa ikitembea miaka yote, ikatokea kulia, na Bihogo akafumba macho. Maziwa yakashuka kwa nguvu hata ndoo ikalia.

"Unaona!" Trésor alinong'ona, meno yote nje. "Pande mbili! Sikia kulia, Mama, sikia!"

Drocella akasikia kulia.

Kulikuwa na sauti ya mlango. Kulikuwa na sauti ya kijiko ndani ya sufuria. Kisha mwanamke, karibu sana na mikrofoni ile, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Papa Mamie, kuja kukula, fufu inapoa."

Na mtoto wa kike, mkubwa wa kutosha kusema maneno yote sawasawa: "Papa, unaimbia nani?"

Wimbo ukasimama kidogo. Sebarenzi akacheka, kicheko chake cha polepole ambacho Drocella alikijua tangu uchumba. "Ng'ombe tu, mama yangu. Ninaimbia ng'ombe tu."

Kisha akaendelea kuimba, akirudi taratibu upande wa kushoto.

Meno ya Trésor yakaingia ndani. Akatazama chini, akatazama paa la nyasi, akatazama kila mahali isipokuwa kwa Drocella. Mikono ya Drocella haikusimama. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mikono ya mtu mwingine. Papa Mamie: baba yake Mamie. Mtoto anayesema maneno yote sawasawa si mtoto wa miezi minne. Huyo ni wa miaka minne, mitano. Ni mtoto wa jibini zote zile zilizopelekwa Walikale, mwaka baada ya mwaka, na yeye huku akizifunga katika majani zisiharibike njiani.

Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Kukamua ni dakika kumi. Ulipofika mwisho, Bihogo akafungua macho.

"Mama," Trésor akasema kwa sauti ndogo. "Nizime?"

"Ukizima atafunga maziwa."

"Lakini, Mama..."

"Rudisha kwa mwanzo, Trésor."

Akarudisha. Sebarenzi akaanza tena kushoto, akapita nyuma, akatokea kulia. Mlango. Kijiko. Fufu inapoa. Unaimbia nani? Ng'ombe tu. Mara ya pili iliuma kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alijua inakuja. Mara ya tatu aliijua yote kwa moyo, hata pumzi anayovuta yule mwanamke kabla ya kuita. Povu likapanda mpaka ukingoni. Ng'ombe haachwi nusu, na Drocella hakumwacha nusu. Alikamua mpaka tone la mwisho, akainuka.

Nishimwe alikunywa vikombe viwili bila kupumua, akapiga mbweu, akalala papo hapo mgongoni, mdomo mweupe. Drocella alimfuta mdomo kwa pindo la kitenge.

"Trésor," alisema. "Ile mono. Rezo ikirudi, ukiiweka mono, bafle itaimba namna gani?"

Trésor alikohoa. "Itachanganya pande zote mu moja, Mama. Yote itasikika ndani ya bafle moja."

"Kwa hiyo ule mama atabaki ndani."

"Atabaki, Mama."

"Na upande wa kushoto yenyewe, bila ule mama, ng'ombe haitake."

Trésor alijua hajaulizwa. Drocella alikuwa anapiga hesabu yake, na hesabu haikuwa na pa kutokea: stereo ama mono, asubuhi na jioni, kila siku ambayo watoto wake watataka maziwa, mume wake atazunguka zizini humu na kuitwa kula katika nyumba nyingine. Alikuwa amepigana siku tatu ili aisikie sauti yote. Akachekwa, akakimbizana na ng'ombe bondeni. Sasa ameisikia. Akapiga teke kigoda, kikaruka na bafle yake, na Trésor akaidaka hewani.

Jean de Dieu alitokea kwenye njia pamoja na mchinjaji, kamba begani. Aliiona ndoo, akasimama.

"Bihogo haiuzwe," Drocella akamwambia. "Haichinjwe. Rudisha muntu wako."

"Mungu mukubwa!" Jean de Dieu akasema, na uso wake ukafunguka. "Ndugu yangu atafurahi sana! Umupigie umwambie!"

"Nitamwambia," Drocella akasema.

Hakungoja hata wafike bondeni. Aliichukua telefone, akapanda kilimani peke yake. Rezo ya intaneti bado haikuwepo, lakini ujumbe wa sauti unaweza kurekodiwa ukakaa humo ukingoja mnara upone, na yeye alikuwa tayari kungoja. Aliibonyeza, akaisogeza karibu na mdomo. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, mengine ya moto kweli kweli, lakini alipovuta pumzi yakabaki machache.

"Sebarenzi. Ng'ombe imetoa litre tatu na nusu. Ambia Mamie, ule ng'ombe unaimbiaka, jina yake ni Bihogo. Na mwenye kuikamua, jina yake ni Drocella."